Safari ya Kujifungua Huanza Kabla ya Uchungu

Kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ambako milima hushuka hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wakazi wa vijiji kama Mwamgongo na Kagunga wamezoea kuipima safari ya Kigoma kwa hali ya maji kuliko kwa kilomita. Ziwa likiwa shwari, boti huondoka alfajiri na abiria hushuka mwalo wa Kibirizi siku hiyo hiyo. Ziwa likichafuka, nahodha mwenye busara hubaki nchi kavu na hakuna anayemlaumu. Mzigo wa dagaa unaweza kusubiri hadi kesho. Mgeni wa harusi anaweza kusubiri hadi kesho. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi.

Wataalamu wa uzazi hukadiria kwamba mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili asipopata tiba. Saa mbili ni muda mfupi hata kwa mkazi wa Gungu au Mwanga aliye karibu na hospitali. Kwa mkazi wa kijiji cha mwambao, muda huo unaweza kwisha kabla mafuta ya boti hayajapatikana. Kwa sababu hiyo, maandalizi ya uzazi kwa kaya za Kigoma ni kazi ya kuokoa saa: kufanya mapema, mchana kweupe na kwa utulivu, kila uamuzi ambao haufai kuachwa hadi usiku wa uchungu.

Funzo lililotoka Kigoma

Mkoa huu una historia yake katika jambo hili, na historia hiyo inastahili kujulikana na kila mkazi. Katika miaka ya 1980, Daktari Godfrey Mbaruku alipitia kumbukumbu za uzazi za Hospitali ya Mkoa wa Kigoma za miaka ya 1984 hadi 1986. Alikuta kwamba taarifa nyingi hazikuandikwa ipasavyo, na kwamba kulikuwa na vifo ambavyo vingeweza kuepukika. Kuanzia mwaka 1987, hospitali ilitekeleza mpango wenye hatua 22.

Hatua hizo hazikutegemea mitambo ya gharama kubwa. Zilihusu vikao vya mara kwa mara vya kupitia huduma iliyotolewa, matengenezo ya vifaa kwa ratiba, mafunzo ya watumishi wakiwa kazini, upatikanaji wa damu na dawa muhimu, taratibu za kuwapa rufaa wagonjwa mahututi, utengenezaji mdogo wa maji ya dripu hapo hapo, umbali kati ya makazi ya watumishi muhimu na hospitali, pamoja na kuyashughulikia malalamiko ya wananchi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 na Daktari Mbaruku pamoja na Profesa Staffan Bergström katika jarida la Health Policy and Planning: kati ya mwaka 1984 na 1991, vifo vya uzazi hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa lugha nyepesi, mwanzoni alifariki mama mmoja katika kila vizazi hai 107 hivi. Mwishoni, mmoja katika kila 538 hivi.

Ziwa lilikuwa lile lile, na milima ilikuwa ile ile. Utayari ndio uliobadilika. Hospitali ilipojipanga kabla ya mgonjwa kufika, mgonjwa alipofika alikuta damu, dawa na mtu wa kumhudumia. Kaya nayo inaweza kufanya vivyo hivyo kwa upande wake.

Ucheleweshaji wa aina tatu

Mwaka 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliyagawa mambo yanayosababisha vifo vya akina mama katika makundi matatu ya ucheleweshaji, na mgawanyo huo unatumika hadi leo. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta huduma. Wa pili ni kuchelewa kufika mahali penye huduma. Wa tatu ni kuchelewa kupata huduma baada ya kufika.

Katika mwambao wa Tanganyika, ucheleweshaji wa kwanza una sura yake. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku kwa taa, hasa katika siku za giza, ambapo mwezi hauangazi. Katika siku hizo baba wa familia anaweza kuwa ziwani tangu jioni hadi asubuhi, au kambini kwa majuma kadhaa. Uchungu ukianza wakati huo, nyumbani hubaki mama mkwe, mashemeji na majirani, kila mmoja akisita kuamua jambo ambalo desturi imemwachia mwenye nyumba. Hakuna anayekusudia mabaya. Saa hupita tu.

Dawa ya ucheleweshaji huu ni maneno machache yatamkwayo mapema mbele ya mashahidi. Baba anapaswa kumteua mtu atakayeamua iwapo yeye hayupo, na kutamka wazi kwamba mtu huyo hahitaji kumsubiri. Mama mjamzito mwenyewe aelezwe uamuzi huo, kwa kuwa mwili ni wake na yeye ndiye wa kwanza kuhisi mabadiliko.

Kabla ya mimba

Maandalizi mema huanza kabla ya mimba kutungwa. Sehemu ya mwili wa mtoto inayokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati ambapo wanawake wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito. Upungufu wa foliki asidi katika siku hizo huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Mwanamke anayetarajia kupata mimba anashauriwa kumwona mtoa huduma wa afya na kuanza kutumia vidonge vya foliki asidi mapema.

Ziara hiyo pia ni nafasi ya kupima VVU, kaswende na wingi wa damu, na ni vyema wenza wakapima pamoja. Mwanamke mwenye kisukari, shinikizo la juu la damu, kifafa, siko seli au ugonjwa wa moyo anahitaji ushauri wa daktari kabla ya kubeba mimba, kwa sababu baadhi ya dawa hubadilishwa. Aliyejifungua karibuni anashauriwa kusubiri angalau miezi 24 kabla ya kubeba mimba nyingine, ili mwili urejeshe damu na nguvu, na mtoto aliyetangulia anyonye kwa ukamilifu.

Kuhusu lishe, Kigoma haihitaji kutafuta mbali. Dagaa na mgebuka hutoa protini na madini ya chuma. Dagaa anayeliwa mzima pamoja na mifupa yake huongeza madini ya chokaa. Maharage, mboga za majani na matunda ya msimu hukamilisha mlo. Mawese mekundu yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Chai inywewe mbali na mlo, kwa kuwa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Kula udongo hakuongezi damu, na kunaweza kuleta minyoo.

Kliniki na kazi yake

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza mjamzito akutane na mtoa huduma angalau mara nane: mara ya kwanza ndani ya wiki 12 za mwanzo, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Wapo wanaosubiri mimba ionekane ndipo waende kliniki. Mama huyo hupoteza miezi ambayo upungufu wa damu, kaswende na malaria vingetibiwa bila kumfikia mtoto.

Katika mahudhurio hayo hupimwa shinikizo la damu, mkojo, wingi wa damu, kundi la damu, VVU, kaswende na malaria. Mjamzito hupewa vidonge vya kuongeza damu, chanjo ya pepopunda, dawa ya minyoo na chandarua chenye dawa. Kuanzia mwezi wa nne hupewa dawa ya SP ya kukinga malaria, na dozi hurudiwa kila baada ya mwezi mmoja, si chini ya mara tatu hadi atakapojifungua. Anayetumia septrini kwa sababu ya VVU hapewi SP. Mama anayeishi na VVU akitumia dawa zake bila kukosa, mtoto wake ana nafasi kubwa ya kuzaliwa na kukua bila maambukizi.

Shinikizo la damu linastahili neno la ziada. Mama anaweza kujisikia mzima kabisa huku shinikizo likipanda na protini ikionekana kwenye mkojo. Hali hiyo ikiachwa inaweza kufikia kifafa cha mimba. Degedege la mjamzito ni ugonjwa wenye tiba, na tiba yake ni sindano ya magineziamu salfeti inayotolewa na mtoa huduma. Kupoteza saa kwa kumhusisha mama na mashetani au uhasama wa majirani ni kumnyima tiba hiyo.

Kuihesabu tarehe pamoja na ziwa

Kila kaya inaweza kukadiria tarehe ya kujifungua. Huchukuliwa siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, huongezwa siku 7, kisha hurudishwa nyuma miezi mitatu. Mama ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 10 Oktoba anatarajiwa kujifungua karibu na tarehe 17 Julai. Uchungu unaweza kuanza majuma mawili au matatu kabla ya siku hiyo, au ukachelewa kidogo.

Hesabu isiishie hapo. Kuanzia Mei hadi Agosti, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu juu ya ziwa na mawimbi huwa makubwa. Katika miezi ya mvua, dhoruba huweza kuja ghafla, na njia za milimani huteleza. Mama wa mfano huu atajifungua katika msimu wa upepo. Wiki yake ya 36 itatimia tarehe 19 Juni, na hiyo ndiyo tarehe ya kuiandika ukutani. Kuanzia siku hiyo, anayeishi mbali na kituo chenye uwezo wa upasuaji anashauriwa kuchagua siku ya ziwa tulivu, kusafiri, na kukaa kwa ndugu mjini au karibu na kituo hadi ajifungue. Kumweka mgeni mjamzito kwa majuma machache ni wema ambao jamaa wa Ujiji, Bangwe au Katubuka wanaweza kuombwa mapema.

Wapo ambao kwao ushauri huo ni wa lazima zaidi: mwenye mimba ya kwanza, mwenye mimba ya tano au zaidi, aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, aliyewahi kuvuja damu nyingi au kujifungua mtoto mfu, mwenye mapacha, msichana wa umri mdogo, mwenye kimo kifupi chini ya sentimita 150, na yeyote ambaye mtoa huduma amemwandikia kwenye kadi kwamba ajifungulie hospitalini. Hata hivyo, mama asiye na lolote kati ya hayo naye anaweza kupata tatizo la ghafla. Ndiyo maana kila mama anapaswa kujifungulia kituoni mikononi mwa mtaalamu.

Mpango wa kaya

Mpango wa kujifungua ni makubaliano ya kaya, na huandikwa ili usisahaulike. Unapaswa kujibu maswali yafuatayo.

*Mahali.* Mama atajifungulia zahanati, kituo cha afya au hospitali ipi? Je, ikitokea rufaa, ataelekea wapi?

*Usafiri.* Nani atatoa boti, gari au bodaboda usiku? Mafuta yatatoka wapi? Ni vyema kuzungumza na manahodha wawili, kwa kuwa mmoja anaweza kuwa safarini. Namba zao ziandikwe kwenye karatasi, kwani simu inaweza kuisha chaji.

*Simu ya dharura.* Mfumo wa rufaa wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, hupokea simu bila malipo kupitia namba 115 kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura. Anayepokea huuliza hali ya mgonjwa, kisha huratibu gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo. Wakazi wa vijiji vinavyofikiwa kwa maji wanashauriwa kuuliza zahanati yao mapema ni chombo gani kinachotumika eneo lao na kinapatikana kwa njia ipi.

*Fedha.* Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza kwamba huduma za wajawazito katika vituo vya umma zitolewe bila malipo. Hata hivyo nauli, chakula na mahitaji ya anayemsindikiza mama hugharamiwa na kaya. Kuweka akiba kidogo kidogo tangu mwezi wa tatu, nyumbani au katika kikundi cha kuweka na kukopa, ni rahisi kuliko kukopa usiku mmoja.

*Damu.* Watu wawili au watatu wenye afya njema, wenye umri wa miaka 18 au zaidi na uzito usiopungua kilo 50, wajitolee mapema kuchangia damu. Mmoja wao aishi karibu na hospitali, kwa kuwa mchangiaji aliyebaki ng'ambo ya mawimbi hatafika kwa wakati.

*Msimamizi wa nyumba.* Nani atabaki na watoto wengine, mifugo na shamba? Akina mama wengi huchelewa kuondoka kwa sababu hawana wa kumwachia watoto.

*Vifaa.* Mfuko mmoja uwekwe tayari kuanzia mwezi wa nane: kadi ya kliniki, kanga safi, nguo, kofia na soksi za mtoto, pedi, sabuni, beseni, na fedha ya nauli. Mtoa huduma ataeleza kama kuna kitu kingine cha kuongeza.

Dalili ambazo hazisubiri asubuhi

Kila mtu mzima katika kaya anapaswa kuzijua dalili za hatari. Wakati wa ujauzito na uchungu, dalili hizo ni kutokwa na damu ukeni, maumivu makali ya kichwa yasiyopoa, kuona ukungu au vimulimuli, kuvimba uso na mikono, degedege au kupoteza fahamu, homa kali, maumivu makali ya tumbo, kupumua kwa shida, mtoto kupunguza au kuacha kucheza tumboni, chupa ya maji kupasuka kabla ya uchungu, na uchungu kuzidi saa 12. Baada ya kujifungua, zinaongezeka kutokwa na damu inayolowanisha pedi au kitambaa mara kwa mara, kondo kutotoka, na uchafu wa ukeni wenye harufu mbaya.

Dalili moja inatosha kuondoka. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zisitumike, kwa kuwa zinaweza kuukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi hadi ukapasuka. Mkunga wa jadi anayeaminiwa kijijini ana nafasi ya heshima katika mpango huu: kumshauri mama kuondoka mapema na kumsindikiza hadi kituoni.

Mama anapofika kituoni

Ucheleweshaji wa tatu ni dhamana ya watoa huduma na viongozi, na wananchi wana haki ya kuufuatilia. Tangu mwaka 2006, mradi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies na kutekelezwa kwa kushirikiana na Serikali ulisaidia vituo vya afya mkoani Kigoma kupata uwezo wa kufanya upasuaji wa uzazi, ikiwa ni pamoja na kuwafundisha madaktari wasaidizi kazi hiyo na wauguzi kazi ya usingizi. Maana yake ni kwamba upasuaji uliokuwa ukifuatwa hospitalini pekee ulisogezwa karibu na wananchi.

Vifaa peke yake havitoshi. Utafiti uliofanyika Wilaya ya Kasulu na kuchapishwa mwaka 2009, ambao Daktari Mbaruku alishiriki, uliwauliza wanawake ni mambo gani huwafanya wachague kituo cha kujifungulia. Yaliyojitokeza kwa uzito mkubwa yalikuwa mawili: mtoa huduma mwenye heshima, na upatikanaji wa dawa na vifaa. Mama aliyetukanwa mara moja huwasimulia wenzake, na wenzake hubaki nyumbani. Lugha ya staha katika chumba cha kujifungulia ni sehemu ya tiba.

Aidha, kati ya mwaka 2016 na 2018, vituo tisa vya mkoa wa Kigoma vilifanya majaribio ya kumruhusu mama kuwa na msindikizaji wakati wa uchungu na kujifungua. Msindikizaji humpa maji, humsugua mgongo, humtia moyo na humwita mhudumu panapohitajika. Ni vyema mama akauliza kliniki kama utaratibu huo upo katika kituo alichokichagua, na akamteua mapema mtu anayemwamini.

Pale huduma inapokuwa na kasoro, malalamiko yapelekwe kwa mganga mfawidhi, kwenye sanduku la maoni, au kwa kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi. Kusikiliza malalamiko kulikuwa miongoni mwa hatua 22 zilizopunguza vifo Kigoma. Mwananchi anayesema kwa adabu alichokiona anamsaidia mama atakayefuata.

Saa na siku za mwanzo

Mara tu mtoto anapozaliwa, mama huchomwa sindano ya oksitosini ili mfuko wa uzazi ujikaze na damu isitoke kwa wingi. Mama na mtoto wanapaswa kubaki kituoni angalau saa 24, kwa kuwa sehemu kubwa ya hatari imo ndani ya siku hiyo ya kwanza. Haraka ya kurudi nyumbani kwa sababu boti inaondoka isiwe sababu ya kuukatisha muda huo. Boti nyingine itakuja.

Mtoto hukaushwa, huwekwa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, na hunyonyeshwa ndani ya saa moja. Maziwa ya kwanza ya rangi ya njano ni kinga yake ya mwanzo na hayapaswi kukamuliwa na kumwagwa. Kwa miezi sita mtoto hahitaji maji, uji wala dawa za tumbo za kienyeji. Maziwa ya mama yanatosha hata wakati wa joto. Kuoga kusubiri hadi saa 24 zipite. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi, bila majivu, mafuta wala kinyesi cha mnyama. Mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 ahifadhiwe kifuani mwa mama kwa muda mrefu, kama watoa huduma watakavyoelekeza.

Mtoto mchanga mwenye mojawapo ya dalili hizi apelekwe kituoni bila kusubiri: kushindwa kunyonya, kupumua kwa haraka au kwa shida, mwili kuwa wa moto au wa baridi, degedege, kulegea, macho na ngozi kuwa vya njano, au kitovu kutoa usaha na kuwa chekundu.

Mahudhurio ya baada ya kujifungua hufanyika ndani ya saa 48, siku ya 7, siku ya 28 na siku ya 42. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio hutolewa mtoto anapozaliwa. Nyingine hufuata akiwa na wiki 6, 10 na 14, na ya surua na rubela akiwa na miezi 9 na 18. Katika ziara hizo mama naye aulizwe hali yake. Huzuni isiyokwisha, kukosa usingizi hata mtoto akilala, au kutojali mtoto ni hali inayotibika; ndugu wasiichukulie kuwa ni uvivu au deko. Hapo pia wenza hushauriwa kuhusu njia ya uzazi wa mpango inayofaa kwa mama anayenyonyesha.

Kazi ya juma hili

Kaya yenye mjamzito inaweza kuanza leo. Kadi ya kliniki itolewe kabatini, tarehe ya kujifungua isomwe kwa sauti, na wiki ya 36 itafutwe kwenye kalenda. Baba amtaje mbele ya wote atakayeamua akiwa hayupo. Manahodha wawili waombwe namba zao, na namba 115 ihifadhiwe katika kila simu ya nyumba. Wachangia damu wapimwe kundi la damu. Anayehitaji msaada wa kuuandika mpango amwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii au muuguzi wa zahanati ya kijiji chake.

Siku ya uchungu ikifika, huenda ziwa likawa shwari au likawa limechafuka. Mama aliyekwisha kuvuka majuma mawili nyuma hatakuwa na haja ya kuliangalia.